Hukumu kutenguliwa si kuonekana huna hatia

Kila mahakama ya rufaa ya jimbo huko Marekani inapotengua hukumu ya mtu maarufu, mitandaoni kwetu wimbo ni uleule: "Kumbe alisingiziwa!" Aprili 2024 ilikuwa zamu ya Harvey Weinstein, mtayarishaji filamu wa Hollywood aliyekuwa ametiwa hatiani New York kwa makosa ya kingono, na wapo walioandika kwamba mahakama "imemwona hana hatia". Haikumwona hivyo. Hata swali hilo haikuulizwa.

Kutengua hukumu ni mahakama ya juu kuiondoa hukumu ya mahakama ya chini kwa sababu ya kasoro za kisheria. Basi. Majaji wa rufaa hawaiti mashahidi. Husoma kumbukumbu za kesi, husikiliza mawakili, kisha huamua kama sheria ilifuatwa.

Kwa Weinstein, majaji wanne dhidi ya watatu wa mahakama ya mwisho ya New York walisema haikufuatwa. (Mahakama hiyo ya mwisho huitwa ya Rufaa, na ile yenye jina la Mahakama ya Juu ndiyo inayosikiliza kesi mwanzo. New York na mambo yake.) Upande wa mashtaka uliruhusiwa kuleta wanawake waeleze matendo ambayo hakushtakiwa nayo. Kanuni iliyovunjwa huitwa Molineux, na kisa chake kinatosha kumaliza ubishi wote huu.

Roland Molineux, mkemia wa rangi, alitiwa hatiani mwaka 1900 kwa kumuua mwanamke kwa sumu, akahukumiwa kifo. Lakini waendesha mashtaka walikuwa wamechomeka humo kifo cha mtu mwingine ambacho hakushtakiwa nacho. Mwaka 1901 mahakama hiyohiyo ya New York ikatengua hukumu: mtu ahukumiwe kwa kosa aliloshtakiwa nalo, si kwa ubaya anaodhaniwa kuwa nao. Kesi ikasikilizwa upya mwaka 1902, Molineux akaachiwa. Weinstein naye akarudishwa kizimbani, na Juni 2025 akatiwa hatiani kwa shtaka moja, akaachiwa kwa jingine, la tatu wazee wa baraza wakashindwa kuafikiana. Kanuni moja, miisho miwili. Hukumu ilipotenguliwa, wote wawili walirudi kuwa washtakiwa tu. Tena Weinstein hata nyumbani hakwenda, maana California ilikuwa imemfunga miaka 16 kwa kesi nyingine.

"Si hairuhusiwi kumshtaki mtu mara mbili?" Tangu 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani inasema aliyekata rufaa mwenyewe akashinda anaweza kushtakiwa tena. Ila tangu 1978, hukumu ikitenguliwa kwa kuwa ushahidi haukutosha, kesi imekwisha. Hapo tu ndipo "ameachiwa" inapokaa vizuri kidogo. Bill Cosby, mchekeshaji aliyefungwa kwa kosa la kingono, alitoka gerezani mwaka 2021 na Pennsylvania ikakataza asishtakiwe tena, lakini sababu ilikuwa ahadi ya mwendesha mashtaka wa zamani kwamba hatamshtaki. Kama alitenda au hakutenda, rufaa haikuligusa.

Kesi za madai nazo zina mtego wake. Agosti 2025 mahakama ya rufaa ya ngazi ya kati ya New York (si ile ya mwisho) ilimfutia Donald Trump malipo ambayo pamoja na riba yalipita dola milioni 500, ikisema yamezidi kiasi. Uamuzi kwamba alifanya udanganyifu ikauacha ulivyo. Kwa hiyo ndugu zangu waandishi, "Trump ashinda kesi" ilikuwa kubwa mno. "Malipo yafutwa" ilitosha.