Mzio wa kuchelewa wa sindano za kuzuia damu kuganda

Mama kajifungua kwa opareshoni, akaandikiwa sindano za tumboni za kuzuia damu isigande, heparini au enoksaparini, wiki ya kwanza poa tu, halafu siku ya nane ya tisa hivi pale alipochomwa panaanza kuwasha, panavimba, ukigusa pagumu, na doa linazidi kutanuka. Kwa ngozi zetu nyeusi hata wekundu huuoni vizuri, unaona tu pamekuwa zambarau. Sasa hapa Dodoma utaambiwa ni upepo, au haya maji ya chumvi. Jamani, upepo gani unachagua pembeni ya kitovu tu, palepale ilipopita sindano?

Huo ndo mzio wa kuchelewa. Sio ule wa kuvimba midomo na kukosa pumzi ndani ya dakika chache, huu unaletwa na chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, ambazo zinachukua siku kadhaa kuizoea sura ya dawa ndo zianze fujo. Ukichomwa tena baadaye hausubiri wiki, siku moja hadi tatu doa limetoka. Unawapata zaidi wanawake, hasa wajawazito, na watu wanene.

Ila usijiachishe sindano kimyakimya nyumbani, donge la damu likikimbilia kwenye mapafu linaua. Rudi hospitali uonyeshe doa, na uulize kuhusu kupima chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia damu igande, maana kuna tatizo lingine baya ambapo heparini inashusha chembe sahani halafu damu ndo inaganda zaidi, na lenyewe linaweza kujitokeza hapohapo kwenye sindano, hasa doa likiwa jeusi kama nyama inayokufa. Likiwa hilo, heparini za aina zote zinasimamishwa mara moja.

Kama ni mzio tu, kuhama enoksaparini kwenda dalteparini mara nyingi hakusaidii, ukoo mmoja, zote zinaanzia kwenye utumbo wa nguruwe (ndiyo, nguruwe). Fondaparinuksi inatengenezwa maabara na mzio wake ni nadra, kwa hiyo hiyo ndo ya kumuulizia daktari. Vidonge vipo pia, warfarini na rivaroksabani, ila mjamzito rivaroksabani hapana, na warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, anayenyonyesha aulize kwanza. Na cha ajabu, wengi wenye mzio huu wakipewa heparini hiyohiyo kwa dripu ya mshipani hawapati shida, ndo maana daktari akiamua hivyo wakati wa dharura usidhani hajakusikia.