“Chaplin hakuwa na skripti”: uongo unaowaponza wachekeshaji wetu

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Kijana mmoja darasani kwangu, mwenye kipaji cha kweli, anayechekesha hata kabla hajafungua mdomo, nilimwomba anioneshe skripti ya klipu yake ya dakika mbili. Akanijibu bila wasiwasi: “Mwalimu, Charlie Chaplin hakuwa na skripti, na dunia nzima ilicheka.” Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Kila kundi jipya nilipokeapo, sentensi hiyo huingia nalo mlangoni. Safari hii najibu kwa maandishi, ili wa mwakani niwape wasome.

Kwamba filamu za mwanzo za Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu zisizo na sauti, hazikuwa na skripti ya karatasi, hilo ni kweli. Uongo unaanza pale mtu anapodhani basi alivaa kofia na viatu vikubwa, akasimama mbele ya kamera, akaangukaanguka mpaka jua likazama, na kazi ikaisha.

Chukua The Immigrant ya mwaka 1917, kisa cha mhamiaji anayeshuka melini New York akiwa hana kitu. Nusu ya kwanza ni safari ya baharini, nusu ya pili ni mgahawani. Ukiitazama utaapa kwamba ilipangwa hivyo tangu siku ya kwanza. Haikupangwa hivyo. Alianza na mgahawa: mteja, mhudumu na sahani ya maharage. Akapiga picha, akazitazama, akapiga upya. Mhudumu wa kwanza alikuwa Henry Bergman, mwigizaji mzuri, ila hakutisha, na mteja asiye na hela hachekeshi kama anayemdai hatishi. Akamtoa, akamweka Eric Campbell, pandikizi la mtu, na hapo sini ikasimama. Sasa ukiona mteja mwingine aliyepungukiwa senti kumi akipigwa na wahudumu, halafu Chaplin akapapasa mfuko wake na kukuta sarafu imepita kwenye tundu, unahofu pamoja naye, na kicheko kinatoka ndani ya hofu hiyo.

Baadaye ndipo akajiuliza: huyu mteja kwa nini hana hela, na huyu binti anayekula naye wamejuana wapi? Jibu lilikuwa meli. Mwanzo wa filamu ulizaliwa na swali lililomkwamisha katikati ya kazi. Edna Purviance, aliyecheza binti huyo, inasimuliwa alikula maharage mara nyingi mno, marudio kwa marudio, mpaka akaugua.

Tunayajua haya kwa sababu picha alizozikataa zilisalia. Yeye aliagiza ziharibiwe, lakini nyingi zilinusurika, na mwaka 1983 Kevin Brownlow na David Gill walizionesha katika mfululizo wa televisheni uitwao Unknown Chaplin. Vipande vina ubao wa namba. Ukivipanga kwa namba zake unamwona mtu akifikiri: anajaribu, anakosea, anabadili mwigizaji, anasogeza meza, anarudi mwanzo. Hiyo ndiyo skripti mnayosema hakuwa nayo. Aliiandika kwa kamera na kuifuta kwa mkasi.

Na aliweza kuiandika kwa kamera kwa sababu gharama ilikuwa imelipwa. Mkataba wake na kampuni ya Mutual, mwaka 1916, ulikuwa wa dola 670,000 kwa mwaka. Zile filamu fupi 12 alizodaiwa zilimchukua takribani mwaka mmoja na nusu. Tangu 1918 alikuwa na studio yake mwenyewe Hollywood, kwa hiyo akikwama, waigizaji na mafundi walikaa wakimsubiri huku mshahara ukiendelea. Wewe una simu moja, marafiki watatu na sebule uliyoazima mpaka saa kumi jioni. Karatasi ndiyo studio unayoimudu.

Tazama pia City Lights, iliyotoka Januari 1931 baada ya zaidi ya miaka miwili ya kazi. Muuza maua asiyeona anatakiwa kumdhania mzururaji, ambaye ni Chaplin, kuwa tajiri. Sini fupi tu, lakini Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wameiandika kwa marudio 342. Alikuwa akitafuta nini muda wote huo? Sababu. Mtu asiyeona, ndani ya filamu isiyo na mazungumzo, atadhani vipi kwamba aliyesimama mbele yake ana mali? Mwishowe akaipata: mzururaji, akitaka kumkwepa polisi kwenye msongamano, anapita ndani ya gari la kifahari lililosimama na kutokea upande wa pili, na mlango unafungwa nyuma yake. Msichana anausikia mlango. Kisha mwenye gari anarudi na kuondoka nalo, na msichana anaamini mteja wake ameenda bila kungoja chenji. Sisi tunaotazama tumeusikia mlango ambao haukulia. Mniambie kama kitu cha namna hiyo kinaokotwa papo kwa papo.

Hata ule wepesi wa mwili mnaouita kubuni ulikuwa mazoezi ya miaka. Alipanda jukwaani akiwa mtoto, London. Mwaka 1908 akajiunga na kundi la vichekesho vya jukwaani la Fred Karno, na humo alicheza mlevi usiku baada ya usiku, mchezo uleule, mpaka kuyumba kwake kukawa na vipimo. Na ilipofika The Great Dictator, 1940, ambayo watu wanazungumza, aliingia kazini na skripti kamili iliyoandikwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uleule. Yapigeni picha mazoezi yenu kwa simu. Yapeni namba. Tazameni yote, hasa mabovu. Kisha mwandike kwenye karatasi kilichochekesha na kwa nini, ndipo muite watu na taa. Asiyefanya hivi simpi kamera ya darasa.

Mengine yanayosemwa juu ya Chaplin niyapitie upesi.

Wanasema alikuwa nyota kwanza, uongozaji ukaja baadaye kama zawadi. Sivyo. Alisaini na kampuni ya filamu ya Keystone mwishoni mwa 1913 kwa dola 150 kwa wiki, filamu yake ya kwanza ikatoka Februari 1914, na katika majira ya kuchipua ya mwaka huohuo tayari alikuwa akiongoza. Aliweka ahadi ya dola 1,500 za akiba yake endapo filamu yake isingefaa kuoneshwa. Mwaka huo mmoja alionekana katika filamu 36 za Keystone.

Wapo wanaoamini alikuwa bubu. Nadhani hili limeletwa na lugha yetu wenyewe: tunasema filamu bubu, msikilizaji anahamishia ububu kwa mwigizaji. Ndiyo maana mimi husema filamu zisizo na sauti. Aliongea vizuri kabisa, na sehemu kubwa ya muziki wa City Lights aliitunga mwenyewe.

Kwamba watu wa zamani walienda mbiombio: kamera zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa picha chache kwa sekunde kuliko 24 za mashine za baadaye, na wakati mwingine mpiga picha alipunguza mwendo kwa makusudi ili mchezo uchangamke. Mkiona klipu ambayo kila mtu anatembea kama anayefukuzwa, tafuteni nakala iliyorekebishwa mwendo kabla ya kumwiga. Nimeona wanafunzi wakijifunza kutembea kwa kasi ambayo yeye mwenyewe hakuitembea.

Ile hadithi kwamba alishindwa kwenye shindano la kujifananisha na Chaplin haina ushahidi wa kuaminika. Acheni kuniletea.

Na wengi humwita Mmarekani. Alifika Amerika mwaka 1910 na kundi la Karno, akiwa tayari msanii mwenye kazi, mchekeshaji Stan Laurel akiwa miongoni mwa wenzake safarini. Akafanya kazi Marekani miongo minne bila kuchukua uraia wake. Septemba 1952, akiwa melini na familia yake kuelekea London kuzindua filamu yake Limelight, serikali ya Marekani ilimfutia kibali cha kurudi. Mtu aliyewaonesha wahamiaji wakifungiwa kamba kama mifugo mbele ya Sanamu ya Uhuru akaambiwa akitaka kuingia atahojiwa kuhusu siasa na mwenendo wake. Hakuomba. Akahamia Uswisi, karibu na Vevey, na hakukanyaga tena Marekani mpaka Aprili 1972, alipokwenda kupokea Oscar ya heshima akiwa na miaka 82. Kisha akarudi Uswisi, nyumbani.