Je, wajua kwa nini Mkristo aliyekwisha kusamehe bado anaweza kudai adhabu?

Katika makanisa ya Bukavu, mji wa mashariki ya Kongo, kuanzia kanisa kuu la Katoliki hadi vibanda vya mbao vya wahubiri wa Kadutu, waumini husikia mafundisho mawili ambayo kwa sikio la kwanza hayapatani. Jumapili husomwa Mathayo 18, pale Petro anapouliza kama kumsamehe ndugu mara saba kunatosha, na Yesu anamjibu kwamba si mara saba, bali saba mara sabini. Kisha watu walewale wa Kanisa hupaza sauti wakidai wauaji wafikishwe mahakamani. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji ambaye mwenyewe pia huhubiri, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alilalamika katika hotuba yake kwamba ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhalifu uliotendeka Kongo ilikuwa inaota ukungu ndani ya mtoto wa meza huko New York. Ripoti hiyo, inayojulikana kwetu kwa jina la Mapping, ilitolewa Oktoba 2010 na inaeleza matukio 617 ya kati ya mwaka 1993 na 2003. Sasa mtu huuliza, na ana haki ya kuuliza: aliyesamehe saba mara sabini anatafuta nini tena mahakamani?

Jibu la mapokeo ya Kikristo ni kwamba msamaha na adhabu havijibu swali moja. Msamaha unajibu swali la moyo wa aliyeumizwa: je, ataendelea kumtakia mabaya aliyemuumiza? Adhabu ya haki inajibu swali la jamii: je, tendo hili liitwe kosa mbele ya watu wote, na aliyelitenda azuiwe asilirudie? Mtu anaweza kulijibu la kwanza peke yake, usiku, kitandani kwake. La pili hawezi kulijibu peke yake hata akitaka, kwa kuwa si lake peke yake.

Ili kuona mgawanyo huu ulikotoka, ni vizuri kurudi kwenye kurasa za mwanzo kabisa za Biblia. Katika Mwanzo 4, Lameki anajisifu mbele ya wake zake kwamba amemuua mtu kwa sababu ya jeraha, na kwamba ikiwa Kaini alilipiwa kisasi mara saba, yeye atalipiwa mara sabini na saba. Hivyo ndivyo kisasi kinavyohesabu: kila pigo linarudi likiwa limeongezeka. Sheria ya jicho kwa jicho, ambayo wengi wetu tunaichukulia kuwa ya ukatili, ilikuja kuweka kikomo pale ambapo Lameki hakuwa nacho. Jicho moja kwa jicho moja, wala si kijiji kizima. Yesu anapotaja saba mara sabini, ni vigumu kuamini kwamba wasikilizaji wake waliolelewa na maandiko hayo hawakumkumbuka Lameki. Hesabu ileile ya kisasi inageuzwa kuwa hesabu ya msamaha.

Hata hivyo, Yesu huyohuyo aliyefundisha kugeuza shavu la pili, alipopigwa kofi na mtumishi mbele ya kuhani mkuu hakunyamaza. Kwa mujibu wa Yohana 18:23, alimwambia: kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini? Hakurudisha kofi, lakini alidai sababu na ushahidi, akamtaka aliyempiga ajieleze. Paulo naye alipopigwa fimbo na kufungwa Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutoka gerezani kimyakimya, akataka mahakimu wenyewe waje kumtoa. Nashangaa jinsi mistari hii inavyosomwa mara chache kwenye mimbari zetu, ilhali ule wa shavu la pili hata mtoto wa katekisimu anaujua kwa moyo.

Chuki yenyewe ni nini basi? Mambo ya Walawi 19:17 inasema: usimchukie ndugu yako moyoni mwako, imekupasa kumkemea jirani yako. Mpangilio wa maneno hayo unastahili kuangaliwa. Kinachowekwa mahali pa chuki si ukimya wala tabasamu, ni kukemea, yaani kumwambia mtu kosa lake usoni. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alitofautisha hasira na chuki kwa namna ambayo mtu wa Bukavu anaweza kuithibitisha kwa maisha yake. Hasira, alisema, hutaka ubaya umpate mkosaji kama malipo ya haki, na kwa hiyo ina kipimo: malipo yakitosha, hupoa. Chuki hutaka ubaya wa mtu kwa ajili ya ubaya wenyewe, na haijui kutosheka. Katika kuandika juu ya kulipiza, Thomas aliongeza kwamba yote hutegemea nia ya anayeadhibu: akilenga maumivu ya mkosaji na kuishia hapo, ametenda dhambi hata kama sheria iko upande wake, akilenga kumrekebisha mkosaji, au angalau kumzuia ili wengine wawe na amani, anaweza kuadhibu bila kuchukia.

Mtu aliyewahi kukaa katika shirika lolote la mitaa yetu, yaani jumuiya ndogo ya waumini, anajua namna mambo haya yanavyopindishwa. Viti vya plastiki vimepangwa uani. Familia ya mkosaji imekuja na mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya kibaraza, kasha la bia, na bahasha ambayo kila mmoja anaiona na hakuna anayeitaja. Mzee anaomba sala, kisha anamgeukia mama wa msichana aliyebakwa: "Mama, wewe ni mtu wa Kanisa. Tumalize kindugu. Samehe, uondoe mashitaka kule parke," yaani ofisi ya mwendesha mashitaka. Mama anasema kwamba ameshasamehe, lakini kijana huyo bado anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na binti yake hupita pale kila asubuhi akienda kuchota maji bombani. Watu wanatazama chini. Mmoja ananong'ona kwamba mama huyu ana moyo mgumu.

Kwa maoni yangu, katika kikao kama hicho anayekosa imani si yule mama. Msamaha unaodaiwa kwa shinikizo la majirani ili mkosaji asifike mbele ya hakimu ni biashara iliyovikwa kanzu ya ibada, na anayeilipia ni msichana ambaye hakuulizwa neno. Sheria ya nchi pia imeliona hilo: sheria za Julai 2006 kuhusu ubakaji na ukatili wa kijinsia zinasema kwamba kulipa faini ya mapatano hakuzimi kesi ya jinai. Mbuzi na bahasha havimfungi mwendesha mashitaka.

Mfano mzito zaidi uko kilomita kama 30 kutoka mjini, Kavumu, kando ya uwanja wa ndege. Kati ya mwaka 2013 na 2016, watoto wa kike wapatao 40, wengine wakiwa wachanga kabisa, walichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao wakabakwa. Mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilihamia Kavumu kwenyewe ili kusikiliza kesi mbele ya wananchi, na baadhi ya mashahidi walitoa ushahidi wakiwa wamefichwa wasitambulike. Tarehe 13 Desemba 2017 watu 11, akiwamo mbunge wa baraza la jimbo, walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Kundi lenye silaha la mbunge huyo lilijiita Jeshi la Yesu. Wazazi wa Kavumu wangeambiwa wasamehe bila hukumu, jina la Yesu lingebaki limechafuliwa na matendo hayo bila mahakama yoyote kusema kwamba matendo hayo ni uhalifu.

Katika maandiko yenyewe, msamaha na matokeo ya kosa hutembea pamoja mara nyingi kuliko tunavyokumbuka. Nathani anamwambia Daudi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na katika maongezi yaleyale anamwambia kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake. Zakayo, kabla Yesu hajatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba yake, anaahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Na yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu anakiri kwamba adhabu yake ni ya haki, anaahidiwa peponi siku ileile, lakini hashushwi msalabani.

Karibu na nyakati zetu, Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi na Mehmet Ali Ağca tarehe 13 Mei 1981. Siku nne baadaye alitangaza kwamba amemsamehe, na Desemba 1983 alimtembelea gerezani huko Roma wakaketi pamoja wakizungumza kwa sauti ya chini. Papa alitoka, Ağca akabaki ndani. Alipata msamaha wa rais wa Italia mwaka 2000 tu. Papa huyohuyo ndiye aliyemtangaza mwenye heri Anuarite Nengapeta mjini Kinshasa mwaka 1985, yule mtawa aliyeuawa Isiro mwaka 1964 akimwambia muuaji wake kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui alitendalo. Anuarite alisamehe yaliyo yake. Kulihukumu tendo lile kulibaki wajibu wa wengine.

Kuna sababu moja zaidi, ambayo kwetu wa mashariki ya Kongo naona inazidi zote kwa uzito. Chuki haina subira ya kutafuta jina la mtu. Hutaja kabila, lugha, mpaka, sura ya pua. Mahakama hulazimika kufanya kinyume: lazima itaje mtu fulani, tendo fulani, usiku fulani. Ezekieli 18 inakataa mwana kuubeba uovu wa baba yake, na hukumu ya haki inapofika kwa aliyetenda, inawaondolea mzigo ndugu zake ambao hawakutenda. Pale ambapo hakuna anayehukumiwa, wote wanaofanana naye hubaki watuhumiwa milele. Christophe Munzihirwa, askofu mkuu wa Bukavu, alilielewa hili mapema: aliwatetea wakimbizi wa Rwanda waliojaa pembezoni mwa mji tangu 1994, katika wakati ambapo wengi waliwatazama wote kama wauaji, akiomba wenye hatia wahukumiwe na wasio na hatia walindwe. Aliuawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996. Katika ujumbe wake wa mwisho kwa waumini aliwaomba wabaki imara katika upendo.

Kuna pingamizi ambalo msomaji wa Bukavu atakuwa nalo tayari, nalo ni la kweli. Paulo katika Warumi 12 anakataza kujilipiza kisasi, na sura inayofuata anasema kwamba mwenye mamlaka habebi upanga bure. Yote mawili yanashikana: waumini wanaweza kuuacha mkono wao wa kisasi kwa sababu upo mkono mwingine wenye wajibu. Lakini mkono huo ukiwa umepooza au umehongwa? Februari 2025, wakati vita vilipoukaribia mji, wafungwa wa gereza kuu walitoka, na wapo mama waliokutana sokoni na uso ambao walidhani hawatauona tena. Imani haiwadai watu hao wajifanye hawaogopi. Inachowadai ni kutobeba panga wenyewe. Kutunza ushahidi, majina na tarehe hadi siku ya hakimu ni kazi halali kabisa, tena ni kazi ambayo Kanisa linapaswa kuifanya pamoja nao.

Kipimo cha adhabu ndicho kinachoonyesha kama chuki imetoka kweli. Mnamo mwaka 411 au 412, Agustino, askofu Mwafrika wa Hippo, alimwandikia Marcellinus, ofisa wa dola aliyekuwa akiwahukumu watu waliokiri kumuua padri mmoja na kumng'oa mwingine jicho na kumkata kidole. Waathiriwa walikuwa mapadri wake mwenyewe. Agustino hakuomba wakosaji waachiwe. Aliomba wasiuawe wala wasikatwe viungo kama walivyowakata wenzao, bali wazuiwe na kupewa kazi yenye manufaa. Kanisa Katoliki limeifikisha hoja hiyo mbali zaidi: tangu Agosti 2018 katekisimu yake inafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Serikali ya Kongo, ambayo haikuwa imemnyonga wala kumpiga risasi mfungwa yeyote kwa hukumu tangu 2003, iliondoa zuio la kutekeleza hukumu za kifo Machi 2024, ikitaja usaliti jeshini na ujambazi wa mijini. Wakristo wengi walipiga makofi, na hasira yao inaeleweka. Lakini kwa hoja ya Agustino, mtu anayesema amemsamehe adui yake na papo hapo anafurahia kifo chake atakuwa na kazi ya kuieleza furaha hiyo imetoka wapi.