"Dawa ya asili ya kuzuia uzee" maana yake nini hasa?

Ukipanda basi hapa Bweyale, Uganda, kwenda Lira, mara nyingi kabla hata hamjafika Karuma mtu atasimama katikati ya viti na begi lake aanze kutangaza dawa ya miti shamba, inatibu mgongo, inatibu presha, inaongeza nguvu za kiume, na siku hizi wameongeza hii nyingine, dawa ya kuzuia uzee. Na watu wananunua. Nataka tuelewane kwanza hilo neno lina maana gani, sababu hapo ndo watu wengi wanaliwa pesa, na wengine wanaharibiwa uso kabisa.

Kuzuia uzee hakuna. Hakuna jani wala mzizi unaozuia miaka isipite mwilini. Kilichopo ni kupunguza dalili za uzee, na dalili zenyewe ni nyingi na kila moja ina chanzo chake: ngozi kukauka, makunyanzi, madoa usoni, mvi, mzee kuamka usiku mara nne kwenda kukojoa. Kwa hiyo mtu akikuambia ana dawa ya uzee muulize, dalili ipi? Akijibu zote, rudisha pesa mfukoni.

Tuanze na ngozi, ndo watu wanaililia zaidi. Ndani ya ngozi kuna nyuzi za protini zinaitwa kolajeni na elastini, zinashika ngozi ikae imekaza kama kamba za kitanda cha kamba zikiwa bado mpya. Kolajeni inaanza kupungua mtu akiwa bado kijana, wataalamu wanakadiria kama asilimia 1 kila mwaka, na huo ni umri peke yake, bado hujaongeza jua na sigara. Na jua letu unalijua, Uganda ikweta inapita ndani ya nchi, mionzi inashuka wima kichwani, na mionzi hiyo inaingia ndani inakatakata zile nyuzi kidogo kidogo bila wewe kusikia chochote. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, ile rangi ya asili ya ngozi, inayotukinga kiasi, ndo maana kwetu makunyanzi yanachelewa, lakini kinachotangulia ni madoa, unakuta mama ana miaka 45 hana kunyanzi hata moja ila mashavu yana rangi mbili.

Sasa dawa ninayoiamini mimi kuliko zote ni moo yaa. Ni mafuta ya mti wa yaa, huu wanaouita shea kwingine, unaota huku kaskazini kwa Waacholi na Walango mpaka kuvuka Sudan Kusini, na huu wa kwetu mafuta yake ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Nimekaa na akina mama wakitengeneza, ni kazi kwelikweli: wanaokota matunda yaliyoanguka yenyewe, nyama ya nje inaliwa, mbegu inachemshwa, inaanikwa, inapasuliwa, inakaangwa, inatwangwa na kusagwa mpaka inakuwa kama uji mzito mweusi, halafu wanaukanda kwa maji kwa mkono muda mrefu mpaka mafuta yanapanda juu yakiwa meupe, yanaenguliwa na kupikwa tena. Ukienda kununua sokoni mama atakuchotea kidogo akupake nyuma ya kiganja, yale mazuri yanayeyuka hapohapo kwa joto la mwili tu, na yana harufu ya karanga na moshi kwa mbali. Ukiona hayana harufu kabisa jua yamesafishwa kiwandani, si mabaya, ila si yale.

Yanafanya kazi vipi? Hayajengi kolajeni. Yanakaa juu ya ngozi na kuzuia maji yasikauke, na ngozi yenye maji inajaa, vile vimistari vidogo vinapungua kuonekana. Ukiacha kupaka vinarudi. Hiyo ndo maana kamili ya kupunguza dalili, na mimi naona ni jambo zuri linalotosha, mtu hana haja ya kudanganywa kwamba atarudi kuwa wa miaka 20. (Kinachoniuma ni kwamba miti hiyo inakatwa kila siku kwa ajili ya makaa, na mti wa yaa unaweza kuchukua miaka 15 au 20 ndo uanze kuzaa.)

Shubiri nayo, Waganda wanaiita kigagi, ile jeli ya katikati inatuliza ngozi iliyoungua na jua na inaleta unyevu. Lakini lile jani ukilikata linatoa maji ya njano, acha yachuruzike kwanza, yale yanawasha ngozi, na ukiyanywa yanakuendesha tumbo vibaya. Parachichi na asali ni hivyohivyo, unyevu basi. Limau ndo nawaombeni muache kupaka usoni, limau na ndimu zina kemikali ambayo ikikutana na jua inachoma ngozi, unatoka malengelenge halafu yanabaki madoa meusi miezi mingi, yani umefuata kuondoa doa umejiletea jingine.

Mvi zinakuja sababu chembe za kwenye shina la nywele zinazotoa rangi zimechoka. Hina inafunika, hairudishi rangi, na hina ya ukweli inatoa rangi ya kahawia nyekundu tu. Ukiona mtu anakuuzia "hina nyeusi", au hii piko tunayojichorea kwenye harusi, hiyo mara nyingi ina rangi ya kiwandani ya kutia nywele, kuna watu wanavimba kichwa na macho kwa sababu yake.

Kwa wazee wa kiume kuna ganda la mti ambao jina lake la kisayansi ni Prunus africana, Waganda wanauita ntaseesa, unapatikana misitu ya milimani. Huu umechunguzwa, na hata Ulaya umetumika miaka mingi kwa tezi dume iliyovimba, unasaidia kiasi mzee asiamke sana usiku. Lakini shida ya mkojo inaweza kuwa saratani pia, na ganda haliwezi kukuonyesha tofauti, kwa hiyo baba aende apimwe kwanza ndo tuongee habari ya ganda.

Mwisho nije kwenye neno "asili" lenyewe, sababu hapa nina kidonda. Shangazi yangu alinunua krimu kwa mtu anayepita nyumba kwa nyumba, kikopo cheupe hakina hata lebo, akaambiwa ni mitishamba mitupu ya kuondoa uzee. Wiki mbili uso ukang'aa, sote tukamsifia, na mimi nikiwemo. Baada ya miezi ngozi ikawa nyembamba, mishipa inaonekana, halafu yakatokea madoa meusi ya kama bluu juu ya mashavu. Daktari wa ngozi akamwambia hiyo si mitishamba, dalili zake ni za hidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, na steroidi, dawa kali ya hospitali inayokondesha ngozi ikipakwa muda mrefu. Hidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi zimepigwa marufuku Uganda, UNBS, shirika la viwango la serikali, wanazikamata kila mara, ila zinarudi zimevaa jina la asili. Dawa yoyote ya mitishamba iliyofungwa na kuuzwa inatakiwa iwe imepita NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, angalia lebo, isipokuwepo acha. Na hata kitu kizuri pakaa kidogo ndani ya mkono usubiri siku mbili kabla hujakipeleka usoni. Ukiona kitu kinang'arisha uso haraka ogopa, jani halifanyi kazi kwa spidi hiyo.

Sasa hivi shangazi anapaka moo yaa usiku, mchana anavaa kofia pana hata akienda bombani kuchota maji, na losheni ya kuzuia jua aliyoandikiwa. Madoa yamepauka kidogo upande wa kushoto, wa kulia bado.