Chumba cha snuka nyumbani: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana inayowagharimu watu zaidi ni kwamba chumba cha snuka, mchezo wa kupiga mipira kwa fimbo juu ya meza, kinatosha iwapo meza imeingia na mtu anaweza kuizunguka bila kujibana. Kwa kweli, kinachoamua ukubwa wa chumba ni fimbo. Uwanja wa kuchezea wa meza kamili, yaani ya futi 12, una urefu wa milimita 3,569 na upana wa milimita 1,778, na fimbo ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa takriban mita 1.45. Mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, unaposimama ukigusa ukingo, karibu fimbo yote huwa nje ya uwanja, na bado mchezaji anahitaji nafasi ya kuivuta nyuma kabla ya kupiga. Ukijumlisha urefu wa fimbo na sentimita 15 hivi za kuvutia nyuma kwa kila upande, unapata chumba cha takriban mita 6.8 kwa 5, na hiyo ni nafasi iliyo wazi kabisa: nguzo inayochomoza ukutani, kabati na viti vya watazamaji havimo katika hesabu hiyo.

Wapo wanaosema kwamba upungufu wa nafasi hutatuliwa na fimbo fupi. Kanuni zinaruhusu fimbo isiyopungua milimita 914, lakini uzito wa fimbo ya namna hiyo hukaa tofauti mkononi, na anayelazimika kubadilisha fimbo kila mpira unapokaribia ukuta fulani hatauzoea mpigo wake. Kwa maoni yangu, ni afadhali meza ya futi 10, au hata 9, yenye nafasi pande zote, kuliko ya futi 12 ambayo kona zake mbili hazichezeki. Wanaoidharau meza ndogo wakidai si snuka husahau kwamba uwiano wa urefu na upana haubadiliki, hivyo pembe za kupiga hubaki zilezile. Kinachopungua ni umbali.

Kuhusu sakafu kuna makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni kuichukulia meza kama samani nyingine nzito. Chini ya kitambaa cha meza kamili kuna mabamba matano ya jiwe yenye unene wa takriban milimita 45, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo 150, na meza nzima hupita tani moja. Mzigo huo hushuka kupitia miguu minane, kila mguu ukikandamiza eneo dogo. Sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi kwa kawaida huuhimili, lakini ghorofani, au pale ambapo mbao zimelazwa juu ya boriti, mhandisi wa majengo aitwe kabla meza haijanunuliwa, kwa sababu hata sakafu isiyovunjika inaweza kubonyea polepole na meza ikapoteza usawa. Kosa la pili ni kutumia fedha nyingi kuinyoosha sakafu mpaka pimamaji isione kasoro. Usawa wa meza huwekwa na fundi wake kwenye miguu na kwenye maungio ya mabamba. Anachohitaji kutoka sakafuni ni kutotikisika na kutotitia.

Inasemwa pia kwamba jiwe halipindi, kwa hiyo unyevu si tatizo. Jiwe kweli halipindi, lakini kitambaa ni cha sufu na hunywa maji ya hewani, na mpira huanza kukokota; fimbo nazo ni za mbao na zinaweza kupinda. Ndiyo maana meza za mashindano ya kulipwa hupashwa joto kutoka chini. Nyumbani si lazima kufika huko, ila anayegeuza gereji au chumba cha chini ya ardhi aanze na kizuizi cha unyevu sakafuni na upitishaji wa hewa, kwani kazi hiyo haifanyiki meza ikiwa imeshasimama.

Taa moja kali katikati ya dari haitoshi, hata iwe na nguvu kiasi gani. Mipira huangusha vivuli upande mmoja, na ncha za meza hubaki na giza. Kinachofaa ni taa ndefu inayofuata urefu wa meza, yenye kifuniko kinachozuia mwanga usimpige mchezaji machoni. Madirisha makubwa, yanayosifiwa sana katika michoro ya nyumba, huleta mng'ao juu ya mipira na jua linalochujua kitambaa, kwa hiyo yanahitaji mapazia mazito. Aidha, katikati ya meza si lazima pawe katikati ya chumba, hasa penye nguzo au ngazi upande mmoja. Mahali pa meza pachorwe sakafuni kwanza, kisha fundi umeme apitishe nyaya kabla dari halijafungwa. Meza ikishafungwa, kuisogeza hata kidogo ili ilingane na taa kunaweza kumaanisha kubandua kitambaa na kuyapanga mabamba upya.