Maswali na majibu: Mzigo wa anayepokea simu za dharura

Sijafika eneo la ajali wala sijaona damu. Mbona nateseka kama niliyekuwepo?

Ulikuwepo, kwa masikio. Mke anapiga simu, mumewe kaanguka na hapumui. Unamwambia apige magoti, aweke viganja katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, nawe unahesabu pamoja naye. Unamsikia akihema. Unamsikia mtoto akilia chumba cha pili. Kisha mlango unagongwa, wahudumu wa ambulensi wanaingia, simu inakatika. Papo hapo taa ya simu nyingine inawaka.

Asiyeona hujichorea picha mwenyewe, na mara nyingi picha hiyo huwa mbaya kuliko tukio lenyewe. Tena mwili wako ulimwaga homoni za kukimbia au kupambana huku umekaa kitini. Hukukimbia wala hukuinua mtu, kwa hiyo zile nguvu hazikupata pa kwenda. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani, toleo la tano la 2013, unatambua kwamba mtu anayekutana mara kwa mara na undani wa matukio ya kutisha kwa sababu ya kazi yake anaweza kupata ugonjwa wa kiwewe, hata kama hakushuhudia kwa macho. Basi usikubali kuambiwa "wewe si unakaa ofisini tu."

Kinachonikosesha usingizi ni kutojua kama yule mtu alipona.

Hili kwangu ndilo jeraha kubwa la kazi hii, na halizungumzwi vya kutosha. Daktari humwona mgonjwa akiamka au akifariki. Wewe unaachwa katikati ya hadithi, na akili haipendi hadithi isiyo na mwisho, kwa hiyo huirudia usiku kucha ikitafuta ulipokosea.

Kama utaratibu wa kituo unaruhusu, mwombe kiongozi wa zamu akuulizie matokeo. Lakini jiulize kwanza: je, uko tayari kusikia kwamba alifariki? Wengine hupata nafuu wakijua, hata habari ikiwa mbaya. Wengine huumia zaidi. Jipe ruhusa ya kuchagua.

Ikiwa hakuna njia ya kujua, funga simu hiyo kwa mkono wako mwenyewe. Chukua karatasi, uandike mistari mitatu: niliulizwa nini, nilielekeza nini, nilimtuma nani. Usiandike jina wala anwani ya mtu. Ukiisoma utaona sehemu yako ilianzia wapi na ikaishia wapi. Kuna simu ambazo mtu alishafariki kabla hujapokea, na hakuna neno ambalo lingembadilishia hali.

Nina dakika mbili tu kabla ya simu nyingine. Zinatosha?

Zinatosha kushusha mapigo ya moyo. Vua vipokea sauti, simama, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, itoe taratibu kwa kuhesabu hadi sita. Rudia. Baada ya zamu tembea kwa miguu, hata robo saa, kabla ya kujitupa kitandani.

Nikinywa kidogo napata usingizi. Kuna ubaya?

Upo. Pombe hukulaza haraka, halafu huukatakata usingizi wa alfajiri, na ndoto mbaya zinabaki palepale. Dawa za usingizi usijiandikie mwenyewe. Kahawa nayo iache mapema, kwani saa tano baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini ingali mwilini.

Nitajuaje kwamba nahitaji daktari?

Kushtuka, kulia au kukosa hamu ya kula siku chache baada ya simu nzito si ugonjwa. Ila hali hiyo ikipita mwezi mmoja, sauti ya mpigaji ikikurudia bila kuitwa, ukikwepa zamu, ukifa ganzi hata kwa watu unaowapenda, nenda. Ipo tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, na wengi hupata nafuu. Ukipata mawazo ya kujiua, usisubiri mwezi wala wiki. Mwambie mtu leo, utafute msaada leo hii. Wewe mwenyewe una haki ya kupiga namba ile unayoipokea.

Mimi ni msimamizi. Baada ya simu nzito, nikusanye zamu nzima, kila mtu asimulie yaliyompata?

Usimlazimishe mtu. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha mara moja cha kuwataka watu wasimulie tukio ili kuzuia kiwewe. Mpumzishe kupokea simu yule aliyepokea ile simu nzito, mpe maji, muulize anahitaji nini, kisha kaa kimya umsikilize. Wiki moja baadaye muulize tena, maana siku ya kwanza karibu wote hujibu "niko sawa."

Nyumbani wananilalamikia kwamba nimekuwa mkimya.

Huhitaji kuwasimulia tukio, na siri za wapigaji hupaswi kuzitoa. Sema hivi tu: "Leo nimepokea simu nzito. Naomba nusu saa, kisha nitakuja kukaa nanyi." Nusu saa ikiisha, nenda ukakae nao.