Mgonjwa ni mama, anayejibu ni mtoto

Katika kliniki ya wazee kuna jambo tunaloliona karibu kila wiki. Mama anaingia na mwanawe, wanaketi, daktari anauliza: "Mama, unajisikiaje?" Kabla mama hajafungua kinywa, mtoto ameshajibu. Usingizi hapati, chakula hali vizuri, dawa hataki. Mama anatazama dirishani. Mtoto hana nia mbaya. Mara nyingi ndiye anayelipa na ndiye anayeamka usiku. Lakini kidogo kidogo, pasipo mtu kukusudia, mama anazungumziwa tu, hazungumzishwi.

Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni kuhusu wazee zinazotaja kujitegemea, kushiriki na utu sambamba na matunzo. Familia nyingi tunazokutana nazo zimeshika matunzo peke yake.

Swali tunaloletewa ni hili: "Baba bado ana akili timamu?" Hatulijibu hivyo, kwa sababu uwezo wa kuamua haupimwi kwa jumla. Hupimwa kwa uamuzi mmoja, kwa wakati huo. Je, ameelewa alichoelezwa? Anatambua kwamba kinamhusu yeye? Anaweza kupima faida na hasara, kisha akatueleza alichochagua, hata kwa ishara? Mwenye demensia, yaani hali ya kudhoofika kwa kumbukumbu na kufikiri, anaweza kushindwa kusimamia uuzaji wa nyumba, na bado akajua fika nani amwogeshe na nani asimwogeshe. Kusahau leo ni tarehe ngapi hakumwondolei uamuzi huo. Wala kuchagua usichokipenda wewe si dalili ya ugonjwa. Sheria ya mwaka 2005 ya Uingereza na Wales kuhusu uwezo wa kiakili inasema wazi kwamba mtu asihesabiwe hana uwezo eti tu kwa kuwa ameamua bila busara. (Vijana huamua bila busara kila siku na hakuna anayewafungia ndani.)

Kabla ya kusema mzee hajiwezi, angalieni masikio yake. Asiyesikia vizuri huitikia "ndiyo" kwa kila kitu, na watu humwona amechanganyikiwa. Angalieni dawa pia, hasa za usingizi, maana zinaweza kumzubaisha. Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msiseme ni uzee: mpelekeni hospitali haraka. Maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya vinaweza kuleta hali hiyo, na mara nyingi hupungua chanzo kikitibiwa. Uamuzi mkubwa unaoweza kusubiri, usubiri.

Ugomvi mkubwa huwa juu ya kuanguka. Mzee anataka kutembea, familia inamtaka aketi. Tunaelewa hofu hiyo. Mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni ni jambo zito. Ila anayeketishwa mchana kutwa hupoteza nguvu za misuli na uwezo wa kujisawazisha, na siku akisimama kwenda msalani ndipo anapoanguka. Tungependa nguvu za familia ziende kwenye taa ya usiku, kishikio cha bafuni na viatu visivyoteleza. Mwaka 1976 wanasaikolojia wa Marekani Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti wa makazi ya wazee: kundi moja lilihimizwa kujiamulia mambo na likapewa mimea ya kutunza lenyewe; kundi jingine liliambiwa wahudumu watashughulikia, hata mimea yao. Kundi la kwanza lilichangamka zaidi.

Zipo hali ambapo lazima familia iingilie, kwa mfano mtu anayesahau moto jikoni kila mara na hatambui hatari hiyo. Hata hapo, uamuzi ufuate alichokithamini alipokuwa na uwezo, na zuio liwe dogo kadiri inavyowezekana. Ndiyo maana tunahimiza wazee waseme mapema, ikiwezekana kwa maandishi, wanataka nini na wanamwamini nani kuwasemea.

Kuna pia "ulinzi" ambao si ulinzi: kadi ya benki imechukuliwa, simu imefichwa, wageni wamekatazwa. Mzee hataweza kutueleza hayo mbele ya aliyeyafanya. Kwa hiyo tukikuomba ukae nje dakika kumi, usidhani tumekushuku. Tunamwomba hivyo kila anayemsindikiza mzazi wake.